Nilinunua Mmarekani, Ninalea Mjapani

Mpelekee fundi yeyote wa Nairobi gari lenye maradhi yoyote. Atalizunguka, atapiga teke gurudumu la nyuma ambalo wala hukulilalamikia, atajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha atatoa hukumu: "Bosi, hapa dawa ni kutoa hii injini tuweke ya Toyota." Hata gari likiwa ni Toyota tayari, atataka Toyota nyingine. Sasa mpelekee Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957 uone. Wangu hata hakulizunguka. Aliangalia mapezi mawili ya nyuma, akaangalia bampa la kromu lililoliwa na kutu, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole: "Mzee, nyumbani wanajua?"

Nyumbani walijua. Walijua siku lilipoletwa juu ya lori, likaziba lango la ploti, na jirani yangu, mwalimu mstaafu, akashindwa kutoka kwenda kanisani. Mama watoto alisimama kwenye ngazi amejifunga leso, akatazama, akasema: "Baba Wanjiku." Basi. Hakuongeza neno. Waliooa wanajua jinsi jina la kifungua mimba wako linavyoweza kutamkwa likawa hukumu ya kesi nzima.

Nililitoa Uthiru, nyuma ya nyumba ya mawe ya mzee aliyefariki zamani, chini ya mparachichi. Kuku walikuwa wamehamia humo bila kulipa kodi, na mmoja alikuwa akiatamia kwenye kiti cha nyuma. Alinidonoa nilipofungua mlango. Marehemu aliacha wana kadhaa, kila mwana na bei yake, na hakuna aliyekuwa na kitabu cha gari. Mmoja alisema kiko kwa shangazi Limuru. Mwingine akasema shangazi alikiwashia jiko. Na gari la marehemu haliuzwi kwa kupeana mikono. Sharti mahakama kwanza iwape warithi idhini ya kusimamia mali, kwa hiyo nilikaa nikingoja ndugu wasiosalimiana waketi mbele ya wakili mmoja. Bei sitaitaja. Mama watoto huisoma safu hii, tena huisoma na kalamu mkononi.

Wajuaji wananiuliza kwa nini sikuagiza moja safi kutoka Marekani. Hawa ni watu ambao hawajawahi kuagiza hata soksi. Usukani wa huko uko kushoto, na sheria yetu haisajili gari la usukani wa kushoto ila kwa vighairi vichache vya magari ya kazi maalumu. Halafu kuna ile kanuni ya miaka minane: gari likishazidi umri huo tangu kusajiliwa kwake kwa mara ya kwanza, haliruhusiwi kuingia nchini. Kwa hesabu hiyo Bel Air yangu ingetakiwa iwe imeshuka Mombasa kabla ya mwaka 1966. Na ilishuka, asante. Nambari zake ni za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila ile herufi ya mkiani, za kabla ya mfululizo wa KAA. Polisi kijana akiniona huinua mkono nisimame, si kwa kosa, bali kwa kuwa anadhani herufi moja imeanguka.

Usukani wa yangu uko kulia kwa sababu, ukichunguza sana, si Mmarekani halisi. General Motors walikuwa na kiwanda Oshawa, Ontario, na kwa kuwa Kanada ilikuwa ya Jumuiya ya Madola, magari yake yaliingia nchi nyingi za jumuiya hiyo kwa ushuru nafuu kuliko yale ya Detroit. Dashibodi nayo si ya 1957. Kwa wateja wa usukani wa kulia kampuni haikuona haja ya kuchonga mpya, ikaendelea kutumia ile ya 1955 iliyogeuzwa. Kwa hiyo kila aliyeona picha za Bel Air huchungulia dirishani, hutikisa kichwa, na kuanza kunifafanulia kwamba nimeuziwa gari la bandia. Zamani nilikuwa nikieleza habari za Oshawa. Siku hizi nasema, "Ndiyo, ni la bandia," naye anaondoka amefurahi, nami nimeokoa jioni yangu.

Baada ya dashibodi huja swali la injini. "Hiyo ni V8, sivyo?"

Hapa Nairobi V8 si injini, ni cheo. Ni Land Cruiser yenye vioo vyeusi inayokusukuma kando pale Valley Road huku mkono wa mlinzi umetoka dirishani ukikupungia kama nzi. Wazee wetu baada ya uhuru walikuwa na wabenzi wao. Sisi tumejaliwa kizazi cha V8. Mtu akiiona Bel Air anategemea silinda nane, maana filamu zimemfundisha hivyo, na ni kweli Chevrolet walileta V8 yao ndogo iliyovuma mwaka 1955. Lakini yangu ina silinda sita zilizopanga foleni, karibu lita 3.9, injini ya mchuuzi na mkulima. Nikisema "sita" naiona heshima ikishuka usoni pa mtu. Kuna mlinzi wa jengo moja mjini aliyeniondolea koni ya maegesho kwa saluti kamili. Akauliza. Nikamjibu ukweli. Akairudisha koni.

Si kwamba koni ilinifaa sana. Gari lina urefu wa mita tano na ushei, na mistari ya maegesho ya katikati ya jiji ilichorwa na mtu mwenye Vitz. Nikiegesha, pua inakaa katika nafasi niliyolipia na mapezi yanakaa katika nafasi ya mwingine, na kijana mwenye kile kimashine cha risiti anataka nilipe mara mbili. Barabara pekee inayonielewa ni Kenyatta Avenue, ambayo inasimuliwa kuwa wakoloni waliipanua kiasi kile ili mkokoteni wa msururu wa ng'ombe uweze kugeuka. Mimi na wale ng'ombe tungeelewana, hasa kwa upande wa breki. Bel Air ina breki za ngoma magurudumu yote manne, na mafuta ya breki yanapita katika mfumo mmoja tu; pakivuja mahali pamoja, magurudumu yote yanastaafu siku hiyo hiyo. Ukitoka Kangemi ukiteremka Waiyaki Way kuelekea Westlands, matatu ikajipachika mbele yako ghafla kwa sababu imeona abiria upande wa pili wa barabara, hapo ndipo unapokumbuka kila mtu ambaye hujamwomba msamaha.

Haya. Tuje kwa fundi.

Karakana yake iko Kawangware, kando ya Naivasha Road, na sina shaka na akili yake. Nimeona akiwasha Probox kwa bisbisi na sala fupi. Shida yetu ni inchi. Fundi amelelewa na Toyota: spana zake ni 10, 12, 14, 17 na 19, na hana sababu ya kuamini kwamba duniani kuna namba nyingine. Bolti za Chevrolet zimepimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana 12 haiingii. Anaazima 13 kwa jirani. Inaingia, inacheza kidogo, fundi anasema "imekubali", anachomeka bomba la chuma kwenye mpini ili apate nguvu, na bolti iliyokaa salama tangu enzi za Hali ya Hatari inabaki duara tupu. Kisha anaomba patasi na nyundo. Nikamnunulia seti nzima ya spana za inchi, nikampa kwa sherehe ndogo, soda zikanywewa. Niliporudi nikakuta ile ya nusu inchi inakoroga rangi.

Vipuri ni Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kwa jina lake la zamani, la yule Ewart Grogan aliyevuma kwa safari ya kutoka Rasi hadi Cairo aliyoimaliza mwaka 1900. Watu husema alifanya vile kwa ajili ya mapenzi. Mimi nahisi alikuwa anatafuta kabureta.

Ukifika pale hutafuti duka, duka linakutafuta. Kijana anakushika mkono: "Niambie, babangu, spea ya nini?" Unasema Chevrolet, 1957. Hasemi hana. Tangu nianze kwenda sijamsikia mtu Kirinyaga Road akisema hana. Anasema "ngoja hapo," anakuketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatokomea vichochoroni upande wa mtoni, na baada ya muda wa kutosha kula ugali na kulala kidogo anarudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Hii ndiyo yenyewe. Orijino." Unafungua. Imeandikwa Isuzu. "Si ni kampuni moja?" anakuuliza kwa mshangao, na kibaya zaidi hajakosea sana: General Motors walikuwa na kiwanda hapa Nairobi tangu miaka ya 1970 na kazi yake kubwa ilikuwa kuunganisha Isuzu, mpaka mwaka 2017 walipowauzia Isuzu wenyewe hisa zao. Utabishanaje na muuza spea aliyekuzidi historia? Nikalipa.

Ndivyo uvamizi ulivyoanza. Kilichotangulia ni dainamo. Gari za wakati ule hazikuwa na alternata. Zilikuwa na dainamo ambayo injini ikinguruma polepole kwenye foleni haizalishi umeme wa maana, na Ngong Road jioni hakuna kingine isipokuwa kunguruma polepole. Betri ilikuwa inakufa kabla ya kufika Prestige. Fundi akafunga alternata ya Nissan nikiwa nimekwenda kununua maji. Nikagomba. Akanijibu: "Lakini inachaji, ama haichaji?" Inachaji.

Zikafuata wipa. Wipa za Bel Air haziendeshwi na mota. Zinavutwa na hewa inayonyonywa na injini, na ukikanyaga mafuta kupanda mlima ule mvuto unakwisha, kwa hivyo zinasimama wima. Yaani mhandisi fulani wa Detroit alikaa ofisini, akanywa kahawa yake, akaamua kwamba mvua na mlima haviwezi kutokea siku moja. Hajawahi kupita Kinoo mwezi wa Aprili. Leo kuna mota ya Probox chini ya dashibodi yangu ya 1955. Radieta ikatoboka, ikaja ya Canter ambayo ilihitaji "kuketishwa", maana yake kukata kipande cha chuma ambacho Oshawa walikiona cha lazima. Magurudumu ni ya inchi 14, na tairi zilizopatikana za saizi hiyo zenye ubavu wa kustahimili ule uzito ni za matatu. Nadhani hata zinavuta upande wa steji.

Nilipoona tunaelekea kwenye injini nikasimama imara. Kabureta, nikasema, itakuwa ile ile. Fundi akasema ile ile inamwaga mafuta na kutoa moshi mweusi, na hilo lilikuwa kweli, ila sababu si uzee peke yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na kabureta iliyotobolewa vijitundu vyake kwa ajili ya miji ya bondeni humimina petroli ya chakula cha watu wanne kwa hewa ya watu watatu. Dawa ni kubadilisha vijitundu hivyo kwa vidogo zaidi. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema kabureta ya pikapu ya Toyota haina maneno mengi hivyo.

Nikaagiza vifaa vya kabureta kutoka Marekani. Kipakiti chenyewe kinaingia mfuko wa shati. Kilikuja kwa ndege. Nilipokwenda kukichukua nikakuta kimewekewa ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji, na juu yake ushuru wa maendeleo ya reli. Reli! Kifaa kimepaa kutoka bara moja hadi lingine, hakijawahi kuona reli maishani mwake, mimi mwenyewe nimekwenda kukichukua kwa matatu, na bado kimechangia reli. Karani aliniambia kila kinachoingia nchini hulipa, hata kije kwa miguu. Nikamfikiria Grogan.

Halafu suala la vali. Injini hizi zilibuniwa petroli ikiwa na madini ya risasi, na risasi ile, sumu jinsi ilivyokuwa, ilikuwa inalainisha mahali vali inapokaa isikigonge chuma kikavu. Kenya iliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, pamoja na Afrika kusini mwa Sahara karibu yote, na shirika lililoipigania kampeni hiyo kuliko yote, lile la Umoja wa Mataifa la mazingira, liko Gigiri, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwangu. Siwezi kulalamika, watoto wanapumua vizuri zaidi. Lakini ilibidi kichwa cha injini kichongwe na kutiwa makalio magumu ya vali, na kijana wa mashine ya kuchongea, hodari kweli kweli, alipomaliza akanipigia mkononi kwa kirafiki: "Hizi nimetoa za dizeli ya Toyota, mzee. Hazifi." Hata makalio!

Mnisamehe nikiingiza historia, lakini hii si mara ya kwanza Mmarekani kunyanyaswa katika nchi hii. Miaka ya 1920 barabara zikiwa ni njia za mkokoteni, Ford na Chevrolet ndizo zilizotawala. Ziliwekewa mabodi ya mbao yaliyoundwa hapa hapa, zikabeba kahawa, wawindaji na mizigo. Waingereza kwao walikuwa wakitoza kodi kwa kipimo cha nguvu za farasi kilichohesabu upana wa silinda, kwa hiyo walizoea kuunda injini finyu, na gari la injini finyu likifika kwenye tope la Kijabe linageuka mali ya tope. Mmarekani alikuwa na nguvu na alikuwa amenyanyuka juu ya ardhi. Aliheshimika.

Halafu ukaja mwaka 1964. Kampuni ya Ford ya Marekani, kitengo cha Mercury, ilileta kundi la magari aina ya Comet kwenye Safari Rally. Magari haya hayakuwa ya mchezo: mwaka uliotangulia wenzao walikuwa wamekimbizwa kwenye uwanja wa Daytona maili 100,000 kwa mwendo wa zaidi ya maili 100 kwa saa. Daytona ni lami, inazunguka. Safari ni tope, haizunguki, na kuna ng'ombe. Comet mbili tu ndizo zilizomaliza, huko nyuma. Aliyeshinda alikuwa Peter Hughes, ndani ya Cortina GT, ambayo nayo ni Ford, ila ya Waingereza, ndogo, isiyo na makuu. Wajapani nao walikuwa wanatazama. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akaibuka mshindi na Datsun, akarudia 1971; Shekhar Mehta 1973, Datsun tena; Joginder Singh, aliyekuwa ameshinda na Volvo mwaka 1965, akashinda 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Nchi ilikuwa imeolewa. Fundi wangu ni mjukuu wa ndoa hiyo, na mimi hapa nimeleta hawara wa zamani nikitaka apewe kiti.

Bodi tuliimaliza vizuri zaidi, na hapa nitasifu. Watu wanaodharau mafundi wa mabati wa Nairobi wakatazame matatu mpya ikizaliwa kutoka kwenye chasi tupu ya lori. Madigadi ya mbele yalikuwa yameoza yakabaki kama maandazi yaliyoliwa na panya, na mnyooshaji wangu wa Dagoretti Corner alichukua bati bapa, nyundo ya mbao na mfuko wa mchanga, akalipiga kwa jicho tu mpaka likafuata mkunjo wa lile la upande wa pili. Hakuna Toyota iliyotajwa. Karibu nilie. Kisha ikafika zamu ya rangi, akaniuliza mlangoni tumchore nani: mchezaji wa Arsenal, ama mwanamuziki? Na pale nyuma, kati ya mapezi, kuna nafasi nzuri ya maneno. Nikasema rangi mbili tu, bluu na nyeupe, bila mtu. "Bila mtu," akarudia, kwa masikitiko. Mshonaji viti naye alitaka kuweka taa za zambarau chini ya viti na spika zenye ukubwa wa sufuria ya harusi. Nimeweka vitambaa vya heshima. Hanisemeshi tangu siku hiyo.

Gari sasa linatembea. Kutembea kwake kunaishia kwenye kituo cha petroli, maana mjini linakula lita moja kwa kilomita tano, na hilo ni katika siku za hali nzuri ya hewa. Lilifufuka Oktoba 2023, mwezi ule ule lita ya super hapa Nairobi ilipogonga shilingi 217 na senti 36. Kwenye kituo kwenyewe kuna tamthilia nyingine. Kijana wa pampu huja na bomba, huzunguka upande wa kulia, hupapasa, huzunguka kushoto, hupapasa, huinama chini, huja dirishani: "Mkubwa, hii yako unaweka wapi?" Mfuniko umefichwa nyuma ya utepe wa kromu kwenye ncha ya pezi la kushoto. Unauvuta, unafunguka kwa bawaba. Wakati nashuka kumwonyesha, waliopanga foleni nyuma yangu wanapiga honi, boda boda wamesimama kupiga picha, na kijana mwenyewe anaita wenzake waje waone kabla hajaweka hata tone.

Rafiki zangu wanasema nilipeleke Concours d'Elegance. Ni mashindano yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo tangu 1970, na siku hizi hufanyika kwa kawaida mnamo Septemba, pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road. Nimekwenda kutazama. Kuna magari pale ambayo chini yake ni safi kuliko meza yangu ya kulia chakula, na majaji wanajua: wanachungulia injini, wanachungulia buti, wanapiga magoti kuangalia uvungu wakitafuta hata doa la grisi. Nikawaza mzee mmoja mwenye kofia akipiga magoti mbele ya Bel Air yangu, akamulika, akakutana na alternata ya Nissan, radieta ya Canter, mota ya Probox, akainuka taratibu na kuandika kitu kirefu kwenye karatasi yake. Fundi alisema tusiogope, atazipaka rangi nyeusi zote.

Lakini kuna kazi moja ambayo Nairobi haihoji gari la zamani lina injini ya nani, nayo ni harusi. Mama watoto, ambaye tangu siku ya lori hajawahi kuliita gari hili isipokuwa "hicho kitu chako", amepiga simu kwa dada yake bila kunishauri na kuahidi kwamba Jumamosi ijayo Chevrolet ya shemeji itambeba bibi harusi kutoka Kikuyu hadi bustani moja ya Karen. Shemeji ni mimi. Nimesikia akilisifu kwenye simu, "Bel Air, orijino kabisa, ya babake Wanjiku," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipochumbiana. Na leo asubuhi nimemkuta akilipangusa kioo cha mbele kwa leso yake mwenyewe.

Nimeweka masharti. Hakuna kukaa juu ya boneti kwa ajili ya picha. Hakuna kubandika maua kwa gamu. Hakuna kupitia mlima wowote mvua ikinyesha, hata kama mota ni ya Probox. Shangazi mmoja kutoka Limuru atakuwepo, ingawa si yule wa jiko. Bwana harusi ameuliza kama ni V8, nami nimemwambia azungumze na mama watoto.

Fundi naye atakuja, kwa sababu bila fundi sivuki Dagoretti. Atatufuata nyuma na Probox yake iliyobeba debe la petroli, madumu ya maji, betri ya akiba na spana 13. Amesema atakuja na mke na watoto wawili, wale pilau kama wageni wengine. Nimekubali yote hayo. Nimemwomba jambo moja tu: akifika Karen aiegeshe ile Probox nje ya lango, nyuma ya jenereta, isije ikaonekana kwenye picha. Ameguna, akaniuliza kama nimesahau nusu ya gari langu inatoka wapi.